Nauli, kanga kavu na mkono wa mwenzako

Upasuaji wa fistula huziba tundu. Kumrudisha mwanamke kwenye mkeka wa wenzake ni kazi nyingine, na wanaoifanya vizuri zaidi ni wanawake waliokwisha kupita njia hiyo.

Na Mwandishi Wetu

Ujumbe wa simu unaingia: nauli imetumwa. Mara nyingi hauingii kwenye simu ya mgonjwa, kwa sababu hana simu, au iliyopo nyumbani anaishika mumewe. Unaingia kwa mwanamke mwingine wa kijiji cha jirani. Yeye ndiye atakayetoa fedha kwa wakala, akate tiketi ya basi, ampitie mwenzake alfajiri kabla watu hawajajaa barabarani, na kumfikisha stendi.

Mgonjwa hajanywa maji tangu jana mchana. Anaogopa kulowa njiani. Hakuna aliyemwambia kwamba kujinyima maji huufanya mkojo uwe mkali zaidi, unuke zaidi na kuichoma ngozi. Kanga ameikunja mara tatu, na nyingine ameitia kikapuni. Anaomba kiti cha nyuma, dirishani.

Utaratibu wa kutuma nauli kwa M-Pesa ulianzishwa na Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam mwaka 2009, ilipodhihirika kwamba upasuaji wa bure haumfai mtu asiye na nauli ya kuufuata. Wanaotafuta wagonjwa vijijini na kuwapokelea fedha huitwa mabalozi. Baadhi yao ni watumishi wa zahanati. Wengine ni wanawake waliowahi kuugua ugonjwa huohuo, wakatibiwa, wakarudi nyumbani wakiwa wakavu.

Makala haya yanawahusu hawa wa mwisho.

Uchungu wa siku ya pili

Fistula ya uzazi huanza na uchungu pingamizi. Kichwa cha mtoto hakipiti kwenye nyonga, na mama hapati upasuaji kwa wakati. Siku moja inapita, ya pili inaingia. Kichwa kinazibana nyama laini zilizo kati ya uke na kibofu, wakati mwingine kati ya uke na puru. Damu haifiki, nyama inakufa. Baada ya siku chache ile iliyokufa inabanduka na kuacha tundu, na mkojo unaanza kutoka wenyewe, usiku na mchana. Kwa wengine hutoka na kinyesi. Mtoto, mara nyingi, huwa amekwisha kufariki tumboni.

Mama anarudi nyumbani amemzika mtoto, na mwili wake haumtii tena. Wapo wanaorudi na la tatu: mguu unaoburuza, kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo ilibanwa.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, linakadiria kwamba wanawake wapatao nusu milioni duniani wanaishi na hali hii. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni wagonjwa wapya kati ya 2,500 na 3,000 kila mwaka.

Watu wengi wakisikia fistula humfikiria msichana aliyeozwa mapema. Yupo kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, kifungu ambacho Mahakama ya Rufani ilikikataa mwaka 2019.

Lakini yupo pia mama wa uzazi wa nne au wa tano, ambaye watoto wa kwanza walitoka bila shida. Na yupo aliyefuata kila alichoelekezwa. Shirika la Utu Mwanamke lilipochapisha utafiti wake mwaka 2006, kwa kuzungumza na wanawake wenye fistula katika maeneo mbalimbali nchini, lilikuta kwamba wengi walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito. Kilichowaangusha kilikuja baadaye: usafiri uliokosekana usiku, rufaa iliyochelewa, kituo kisichoweza kupasua.

Kijijini maelezo huwa mengine. Amelogwa. Alikuwa na mwanamume wa nje. Alikuwa mvivu wa kusukuma. Hili la mwisho ndilo linalouma zaidi, kwa sababu mama mwenyewe huanza kuliamini.

Nje ya mkeka

Mwanamke wa kwetu huishi ndani ya shughuli za wenzake. Kuna msiba, kuna arobaini ya mtoto, kuna kwaya, kuna maulidi, kuna mchezo wa fedha wa kila wiki. Karibu zote hufanyika watu wakiwa wameketi, tena wameketi kwenye mkeka wa mtu mwingine. Asiyeweza kukaa nusu saa bila kulowa anatoka kwenye zote kwa mkupuo.

Mchezo anauacha kwa sababu nyingine pia: hana cha kutoa. Kama alikuwa mama lishe, chakula chake hakinunuliwi tena. Kama alikuwa akilima kibarua, hapewi kazi. Nguo za kufua zinaongezeka na sabuni ya kuzifulia haipo.

Ibada nayo huguswa. Kwa Mwislamu ambaye mkojo wake haukatiki, wanavyuoni walikwisha kulieleza suala hili zamani: ana udhuru, hutawadha inapoingia kila swala, akajifunga vizuri, akaswali. Mwanamke asiyeambiwa hilo huacha kuswali akidhani hana tena twahara. Anayepaswa kumweleza ni nani? Ustadhi haelewi kinachomsibu, na yeye hawezi kumtamkia mwanamume. Mwanamke mwenzake angemweleza kwa dakika chache.

Ni vyema pia kusema kwamba si kila mume hukimbia. Wapo wanaobaki, wakauza mbuzi kutafuta tiba. Wapo kina mama wazazi wanaomfulia binti yao mtu mzima kila asubuhi bila kunung'unika. Picha ya mke aliyefukuzwa imezoeleka kwenye magazeti, na inawadhulumu watu hawa.

Hata hivyo mume mwema na mama mpole hawawezi kumwambia neno moja: kwamba wanajua ilivyo.

> Mume mwema na mama mpole hawawezi kumwambia neno moja: kwamba wanajua ilivyo.

Wodini

Jambo linalosimuliwa tena na tena na wanaohudumia wagonjwa wa fistula ni mshangao wa siku ya kwanza. Mwanamke ameishi na hali yake mwaka mzima, pengine miaka kumi, akiamini ni yeye peke yake duniani. Anafungua mlango wa wodi, anakuta wodi nzima.

Hapo ndipo ninapoona tiba inapoanza, kabla ya ganzi na kabla ya kisu. Aibu huishi kwa kudhani kwamba hakuna mwingine. Wodi inaiondolea aibu hiyo chakula chake siku hiyohiyo.

Baada ya upasuaji mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja hadi mbili, ili kibofu kipumzike na kovu lishike. Katika siku hizo huagizwa anywe maji kwa wingi. Fikiria agizo hilo linavyomfikia mtu ambaye kwa miaka amekuwa akijinyima maji ili asilowe. Nesi atalieleza mara tatu na bado mgonjwa ataonja kidogo na kuweka kikombe chini. Aliye kitanda cha pili, aliyepasuliwa wiki iliyopita, anampa kikombe chake, anamwonyesha namna ya kushika ndoo ya mkojo akitembea, anamweleza maumivu yanaisha siku ya ngapi. Huyo anasikilizwa. Mgonjwa humtazama kanga. Ni kavu.

Watafiti katika Hospitali ya KCMC, Moshi, waliwahi kujaribu vikao sita vya ushauri nasaha vilivyotolewa na nesi kwa wanawake waliolazwa kwa upasuaji wa fistula, wakatambua kwamba huzuni na wasiwasi wa wagonjwa hawa ni sehemu ya ugonjwa na vinahitaji kushughulikiwa. Ni hatua nzuri. Lakini vikao vina ratiba, na usiku wa wodini hauna. Saa nane za usiku anayesikia mwenzake akilia ni wa kitanda cha jirani.

Furaha ya wodi hii ni ya aina yake. Siku mpira unapotolewa, mwanamke hulala na shuka moja. Asubuhi huipapasa. Ikiwa kavu, hakuna anayehitaji kutangaza, kwa sababu vigelegele vinafika kabla yake.

Mamitu

Mfano mkubwa kuliko yote wa mgonjwa kumsaidia mgonjwa uko Ethiopia. Madaktari mume na mke, Reginald na Catherine Hamlin, walifika Addis Ababa mwaka 1959 na baadaye, mwaka 1974, wakafungua hospitali ya fistula peke yake. Mwaka 1962 waliletewa msichana wa kijijini aliyeumia vibaya katika uzazi wake wa kwanza. Jina lake Mamitu Gashe. Hakuwa amesoma shule.

Alibaki hospitalini. Alianza kwa kutandika vitanda. Akaingizwa chumba cha upasuaji kukabidhi vyombo, akawa anatazama. Siku zilivyokwenda akafundishwa kushona tundu mwenyewe, na akawa hodari kiasi cha kuwafundisha madaktari waliotoka nchi nyingine kujifunza kazi hiyo. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza kiliwatunuku nishani ya dhahabu yeye pamoja na akina Hamlin. Mwaka 2018 BBC ilimweka katika orodha yake ya wanawake 100 wa mwaka.

Kinachonigusa katika maisha yake si nishani. Ni kwamba kwa miongo kadhaa, msichana aliyefika Addis Ababa akinuka mkojo na asiyetazamwa usoni na mtu, alilala kwenye meza ya upasuaji akamkuta aliyeshika uzi ni mwanamke aliyewahi kulala hapohapo.

Catherine Hamlin alifariki Machi 2020 akiwa na umri wa miaka 96. Hospitali yake ilizoea tangu zamani kuajiri wagonjwa waliopona kuwa wasaidizi wa wauguzi, na mwanamke anayeruhusiwa kwenda nyumbani hupewa gauni jipya. Anapoingia kijijini kwao, nguo huwa ya kwanza kusema.

Cherehani za Dar es Salaam

Hapa nyumbani CCBRT ilianzisha Kituo cha Mabinti mwaka 2006, Dar es Salaam. Kila kundi ni dogo, na mafunzo ni ya takriban mwaka mmoja: kushona, kuchapa vitambaa, kazi za shanga, kufuma, pamoja na hesabu za biashara na Kiingereza kidogo. Mikoba na mapambo ya nyumbani yanayotengenezwa huuzwa.

Mtu anaweza kusema cherehani ziko kila mtaa, na chuo cha ushonaji si jambo jipya. Ni kweli. Upya uko katika walioketi. Mikono inapokuwa na kazi, mdomo hufunguka bila kulazimishwa, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni anaposema lililo zito. Wanawake wengi hawawezi kusimulia msiba wa mtoto wao wakiwa wameketishwa mbele ya mshauri mwenye daftari. Wanaweza wakipinda kitambaa.

Na kuna jambo la mpango. Mwanamke aliyeishi miaka akifikiria kipande cha kanga cha saa inayofuata, sasa anafikiria oda ya mwezi ujao.

Fedha iende wapi?

Hapa ndipo watu wenye nia njema hugawanyika.

Upande mmoja unasema: pasueni. Madaktari wanaoweza upasuaji huu ni wachache, na kumfundisha mmoja huchukua muda mrefu. Kila shilingi inayokwenda kwenye vikundi, shanga na semina ni shilingi iliyomkosa mwanamke anayesubiri kitanda. Katika mikono iliyofunzwa, matundu mengi huzibika. Mwanamke akikauka, wanasema, furaha itamjia yenyewe, na jamaa zake watamrudia.

Hoja hii ina nguvu, na anayeipuuza hajawahi kuona foleni.

Upande wa pili unajibu kwa hoja ya kitabibu, wala si ya huruma. Anayetoka wodini anaambiwa asikutane na mumewe kwa miezi mitatu au zaidi. Asibebe mizigo mizito. Akishika mimba tena, ajifungulie hospitalini kwa upasuaji. Haya anayasikia akiwa Dar es Salaam, Mwanza au Moshi. Anakwenda kuyatekeleza kwenye nyumba yenye mume aliyesubiri, mama mkwe anayeuliza mjukuu, na kisima kilicho mbali. Asipokuwa na wa kusimama naye, kovu linaachia, na ile shilingi ya upasuaji imepotea.

Nani atasimama naye? Daktari yuko mamia ya kilomita mbali. Mwanamke wa kijiji cha jirani, yule aliyepokea nauli, anaweza kuingia uani, akaamkia wakubwa, akaketi na mama mkwe na kusema naye kwa heshima: mama, huyu bado, mimi nami niliambiwa hivihivi, nikasubiri, na sasa mnaniona. Nasimama upande huu. Kazi ya huyo mwanamke inailinda kazi ya daktari.

Lakini upande huu nao una deni lake.

Kwanza, kuna tabia ya kuwapandisha wanawake hawa jukwaani. Kila Mei 23, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula inayoadhimishwa tangu mwaka 2013, hutafutwa wa kutoa ushuhuda. Kamera huwashwa, naye husimulia mambo ambayo hata dada yake hajawahi kuyasikia. Baada ya shughuli wageni huondoka, na picha yake hubaki mtandaoni bila mwisho. Kuzungumza na mwenzako kitandani ni jambo moja, kuzungumza na taifa ni jingine. Waandishi wa habari tunahusika moja kwa moja na ndiyo sababu katika makala haya hakuna mgonjwa wa Tanzania aliyetajwa jina wala kijiji.

Pili, moyo wa kujitolea umegeuzwa kuwa jina la kazi isiyolipwa ipasavyo. Balozi huacha shamba lake, hulipa bodaboda, hutumia muda wake wa maongezi kupiga simu hospitalini, hurudi mara ya pili na ya tatu kwa mwanamke aliyekataa kutoka. Posho ndogo kwa kila mgonjwa anayefika haifidii siku hizo. Tukishakubali kwamba anachofanya ni sehemu ya tiba, hatuna hoja ya kumlipa chini ya watu wengine wa tiba.

> Tukishakubali kwamba anachofanya ni sehemu ya tiba, hatuna hoja ya kumlipa chini ya watu wengine wa tiba.

Tatu, ugonjwa wenyewe unabadilika. Wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 hadi 81 mwaka 2022, na hilo limeokoa wengi. Pamoja na hayo, madaktari wanaona sehemu inayokua ya fistula zinazotokana na upasuaji wenyewe, wa kumtoa mtoto au wa kuondoa kizazi. Mwanamke wa namna hii hakuchelewa. Alikwenda, akapasuliwa, akatoka analowa. Yeye hana aibu tu, ana hasira, tena ya haki. Kumwambia amshukuru Mungu na asonge mbele hakumtoshi. Wenzake wanapaswa kumpa nafasi ya kuuliza kilichotokea mezani, na hospitali impe majibu.

Asiyekauka

Kila kikundi cha waliopona kina mtu anayekaa kimya wakati vigelegele vinapigwa. Tundu lake limeziba, ila akikohoa au akiinua ndoo mkojo bado unapenya. Au amepasuliwa mara kadhaa na halikuziba. Hawa wapo katika kila hospitali ya fistula duniani.

Kwao ndipo moyo wa kutiana nguvu unapopimwa. Ni rahisi kumshangilia aliyepona. Ni vigumu kumwambia kitu asiyepona bila kumdanganya, na wengi wetu tukishindwa huanza kumkwepa. Anarudi palepale alipokuwa, safari hii akiwa amezungukwa na watu waliopona.

Akina Hamlin walilikabili hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kujenga Desta Mender, yaani Kijiji cha Furaha, nje ya Addis Ababa. Kilikuwa cha wale ambao upasuaji haukuwamalizia shida. Wanawake walipewa nyumba, bustani na ng'ombe wa maziwa, wakajifunza kuendesha shughuli zao, na wengine wakaondoka kwenda kufungua biashara wakiwa bado na tatizo lao la mwili. Hakuna aliyewaahidi kwamba watakauka.

Tanzania haina haja ya kujenga kijiji cha peke yao, na kwa mawazo yangu isijenge. Mwanamke wa Ukerewe au Manyoni anataka kuishi Ukerewe au Manyoni. Anachohitaji ni vitambaa vya kujisitiri vya uhakika, sabuni, mazoezi ya nyonga aliyofundishwa na mtaalamu, kazi anayoweza kuifanya, na kikundi ambacho hakimpimi kwa ukavu wa nguo yake.

Jina la kupigiwa

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafikisha zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Ndio watakaogonga milango ya vijijini, na kwa kawaida ndio watakaosikia kwanza kwamba kuna mwanamke fulani haonekani tena kisimani.

Ningependa wanawake waliotibiwa fistula wawemo katika mpango huo kwa namna mbili. Wanaoweza na wanaotaka waajiriwe, na cheti cha shule kisiwe kizuizi pekee cha kuwafungia nje. Wengine waitwe kwenye mafunzo ya wahudumu wapya, kwa malipo, wawaeleze namna ya kumkaribia mtu aliyejificha: usiingie na mwanamume siku ya kwanza, usizibe pua, usikatae kuketi ukikaribishwa, kunywa chai yake.

Halmashauri zikipanga bajeti zao za afya, fungu hili si kubwa. Ni nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, muda wa maongezi, posho ya siku sawa na wanayolipwa wengine, na kwenye ukuta wa kila zahanati namba ya mwanamke wa karibu atakayepigiwa simu mara tu mgonjwa wa fistula anapofika mlangoni.